Kunasa gesi ya friji na AC kwenye baridi ya Nyanda za Juu Kusini

Mwezi wa saba, saa moja asubuhi, fundi anafunga geji ya kupimia mgandamizo wa gesi kwenye mashine ya kupozea maziwa huko Uyole au Igawilo, Mbeya, anafungua valvu, na mshale haupandi kama alivyozoea kuuona mchana. Wengi hapo humwambia mwenye mali kwamba gesi imeisha. Mara nyingi haijaisha. Imejikunyata kwenye kompresa, ile pampu inayozungusha gesi, imechanganyika na oili, kwa sababu usiku kucha kompresa ndiyo ilikuwa sehemu ya baridi kuliko zote. Gesi ya friji hufuata baridi. Ukilishika hilo, vifaa vyote nitakavyovitaja hapa utajua kwa nini vipo na kwa nini vinapangwa vile vinavyopangwa.

Nawaandikia mafundi wenzangu wa Mbeya, Songwe, Njombe na Iringa, hasa vijana waliotoka chuoni au waliojifunzia kazini bila kupata mtu wa kuwaeleza sababu. Mengi tunayofundishana tumeyapokea kwa watu waliofanya kazi Dar es Salaam, na namba zao ni za pwani. Huku juu namba zile zinakupotosha kidogo, na pengine kukupotosha sana.

Neno moja kuhusu kwa nini tunase gesi, yaani kuivuta kutoka kwenye mfumo na kuihifadhi mtungini, badala ya kuimwaga. R22, gesi ya friji na AC za zamani, inaharibu tabaka la ozoni, na Itifaki ya Montreal ya mwaka 1987 inaiondoa sokoni: kwa nchi zinazoendelea, kundi la R22 lilipangiwa kupunguzwa kwa asilimia 67.5 kufikia 2025, na kuanzia 2030 ibaki sehemu ndogo tu ya kuhudumia mashine zilizopo. Mashine za R22 bado zimejaa kwenye mabucha na vituo vya maziwa vyetu. Kila kilo unayoifungulia hewani leo ni kilo ambayo mteja wako ataitafuta kesho kwa bei kubwa zaidi. Gesi zilizoifuata, R134a, R404A na R410A, haziumizi ozoni, ila zinatega joto vibaya sana. Kilo moja ya R404A ikiachwa hewani, ndani ya miaka 100 inapasha dunia joto sawa na karibu kilo 3,900 za hewa ya ukaa. R134a ni karibu 1,400. Ndiyo maana mwaka 2016, kule Kigali, nazo ziliingizwa kwenye itifaki hiyohiyo. Sisi tunaoishi kwa mvua za Rungwe na baridi ya Kitulo hatuna sababu ya kuona hili ni jambo la watu wa mbali.

Anza na mtungi, mashine itafuata

Kijana akipata hela ya kwanza hukimbilia mashine ya kunasia. Mimi ningemshauri anunue kwanza mtungi halali na mizani. Mashine mbovu itakuchelewesha. Mtungi mbovu, au mtungi mzima uliojazwa kupita kiasi, unaua.

Mtungi wa kunasia una valvu mbili, moja ya mvuke na moja ya majimaji. Ile ya majimaji ina bomba linaloshuka hadi karibu na kitako. Mingi ina mwili wa kijivu na mabega ya njano. Mitungi ile myepesi tunayonunulia gesi mpya dukani, yenye valvu moja, si ya kazi hii. Ilitengenezwa ijazwe mara moja kiwandani, itumike, itobolewe na kutupwa. Bati lake ni jembamba na kutu huanzia kwenye kitako, pale unapouweka kwenye sakafu yenye unyevu. Nimeona mafundi wakiilazimisha ipokee gesi. Acha kabisa.

Kwenye shingo au mkono wa mtungi halali utakuta maandishi yaliyogongwa kwenye chuma. WC ni ujazo wake kwa maji. TW ni uzito wake ukiwa mtupu. Kuna tarehe ya kupimwa; mitungi hii hutakiwa kupimwa upya kila baada ya miaka 5. Kuna pia mgandamizo ambao mtungi umetengenezewa: wa psi 350 (pauni 350 kwa inchi ya mraba) unatosha kwa R134a, R22 na R404A, lakini kwa R410A tafuta wa psi 400. Kama WC imeandikwa kwa pauni, zidisha kwa 0.45 upate kilo za maji, na kilo moja ya maji ni lita moja.

Sasa hesabu, na tafadhali usiiruke. Mtungi haujazwi zaidi ya asilimia 80. Chukua lita zake, zidisha kwa 0.8, kisha zidisha kwa uzito wa lita moja ya gesi ikiwa majimaji: R134a na R22 ni karibu kilo 1.2, R410A na R404A ni karibu kilo 1.05. Mtungi wa lita 12 kwa R134a ni 12 mara 0.8 mara 1.2, yaani kilo 11.5. Ukiwa mtupu una kilo 7, basi mizani ikifika 18.5 unafunga, hata kama kwenye mfumo bado kuna gesi. Tafuta mtungi mwingine.

Kwa nini nasisitiza? Fikiria umenasa gesi asubuhi Uyole, mtungi una nyuzi joto 10, huna mizani, umejaza mpaka mashine imegoma. Kilo 15 za R134a kwenye nyuzi 10 zinaenea ndani ya lita 12, tena kwa kubana. Unaupakia kwenye gari, unashuka Tukuyu, mchana uko Kyela kwenye jua la kando ya Ziwa Nyasa. Kwenye nyuzi 35 kilo hizohizo zinahitaji karibu lita 13, na mtungi wako bado ni wa lita 12. Majimaji hayabanwi. Ama valvu ya usalama itafunguka na kumwaga gesi yote ndani ya gari, ama, kama imeziba kwa kutu, chuma chenyewe kitapasuka. Wa pwani akijaza kupita kiasi, angalau mtungi wake unaanza ukiwa na joto. Sisi tunajaza baridini na kusafiri kwenda kwenye joto, kwa hiyo ile asilimia 20 iliyobaki wazi ni yetu kuliko ya mtu mwingine yeyote.

Vifaa vingine kwenye begi

Mashine ya kunasia ni kompresa yenye kondensa (sehemu ya kupozea gesi igeuke majimaji) na feni yake, mlango wa kuingizia, mlango wa kutolea, geji mbili, na swichi ya kukata mgandamizo ukizidi, ambayo kwa mashine nyingi hukata kwenye psi 550. Nyingi za sasa hazitumii oili ndani, kwa hiyo unaweza kuhama kutoka aina moja ya gesi kwenda nyingine bila kuchafua, mradi uisafishe kwa hatua nitakayoeleza.

Vakyumu pampu, ile ya kuondoa hewa kwenye mfumo, haifanyi kazi hii. Pampu inavuta gesi na kuitupa hewani kwenye tundu lake la kutolea. Haiwezi kuisukuma iingie kwenye mtungi wenye mgandamizo. Wapo pia wanaounga kompresa ya friji bovu na kuifanya mashine ya kunasia. Naelewa ugumu wa mtaji, nimepitia huko. Lakini kompresa ile haina kitu cha kuizuia. Ukisahau valvu ya mtungi imefungwa, itaendelea kusukuma mpaka mpira wa kupitisha gesi upasuke usoni kwako.

Kama mashine bado huna, kuna njia halali ya kunasa gesi kidogo, na huku kwetu inafanya kazi kuliko kokote nchini. Vuta vakyumu kwenye mtungi wa kunasia, uweke kwenye beseni la maji ya bomba yaliyokaa nje usiku, unganisha na mfumo, kisha upashe mfumo kwa maji ya uvuguvugu. Gesi itatoka yenyewe kwenye joto na kukimbilia kwenye baridi. Haitatoka yote, ila kwa friji la nyumbani lenye gramu 100 au 150 za R134a utapata sehemu kubwa.

Vingine ni geji seti yenye mipira mitatu, ya bluu, nyekundu na njano. Filta draya ndogo ya kuweka kwenye mlango wa kuingizia ili uchafu na vipande vya chuma visiingie kwenye mashine. Valvu ya kutobolea bomba kwa friji lisilo na mlango wa kujazia. Na kifaa cha kutolea ile pini ya ndani ya valvu, kama ya tairi. Hiki cha mwisho wengi hawana na wanaumia. Pini ile ni kizuizi kikubwa. Ukiitoa, na ukatumia mpira mfupi na mnene, kazi ya saa nzima inaweza kuisha kwa nusu yake.

Glovu za ngozi na miwani si mapambo. R22 huchemka kwenye nyuzi 41 chini ya sifuri. Tone moja kwenye jicho linatosha.

Geji inasema nini ukiwa Mbeya

Hapa ndipo tunapodanganyika sana. Mji wa Mbeya upo karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, Iringa karibu mita 1,600, Njombe juu zaidi. Hewa huku ni nyepesi. Pwani hewa inasukuma kwa inchi 29.9 za zebaki. Mbeya inasukuma kwa takriban inchi 24.4. Geji ya kawaida haipimi kutoka sifuri kamili, inalinganisha na hewa iliyoizunguka. Kwa hiyo ukivuta vakyumu Mwanjelwa, mshale utafika 24 na nusu hivi na kusimama hapo. Hautafika 30 hata ukiwasha pampu wiki nzima. Najua fundi aliyetupa pampu nzima akanunua nyingine kwa ajili hiyo, na ile mpya nayo ikasimama palepale.

Dawa ni geji ya maikroni, inayopima kutoka sifuri kamili. Maikroni 500 ni 500 Kyela na ni 500 Kitulo. Kama huna, basi jua kwamba 24 yako ndiyo 30 yao, na ongeza muda wa kuvuta.

Upande wa juu ya sifuri ni kinyume chake: geji yako itaonyesha kama psi 2 au 3 zaidi ya jedwali lililochapishwa la mgandamizo wa gesi kwa kila nyuzi joto. R134a iliyotulia kwenye nyuzi 10 jedwali linasema karibu psi 45. Mbeya utaona 47 au 48. R22 kwenye nyuzi hizohizo ni karibu 84, wewe utaona 86 au 87. Kwenye nyuzi 30 jedwali la R134a linasema karibu 97, la R22 karibu 158. Angalia tofauti kati ya nyuzi 10 na 30, namba za asubuhi ni karibu nusu tu ya zile za mchana. Fundi anayejua namba za mchana tu lazima aone asubuhi gesi imepungua.

Namba hizi ndizo zinazokusaidia kujua gesi ni ipi na kama ni safi. Zima mashine, iache itulie hadi joto lake lilingane na la hewa, pima joto, soma geji, linganisha na jedwali. Kama kibati cha maelezo kilichobandikwa kwenye mashine kinasema R22 na geji iko mbali kwa psi 15, kuna aliyechanganya kabla yako, au kuna hewa ndani. Kwa friji dogo la nyumbani kipimo hiki hakiaminiki, maana gesi ni kidogo mno na yote inaweza kuwa mvuke. Hapo tegemea kibati na maandishi kwenye kompresa.

Kazi yenyewe, hatua kwa hatua

1. Soma kibati, thibitisha aina ya gesi kwa namba kama nilivyoeleza, na uchague mtungi wa aina hiyohiyo. Kama mtungi ni mpya au umetoka kusafishwa, uvute vakyumu kwanza. Hewa ukiiingiza mwanzoni itakusumbua hadi mwisho, kwa kuwa haigeuki majimaji, inakaa juu ya gesi na kupandisha mgandamizo bure.

2. Kama kompresa inafanya kazi, iwashe dakika 10 kabla ya kuanza. Oili ikipata joto itaiachia gesi iliyojificha. Kama imekufa, pasha tumbo la kompresa kwa taulo iliyolowekwa maji ya moto. Usitumie moto wa gesi wala jiko la mkaa. Gesi hizi zikikutana na mwali zinageuka asidi zinazochoma mapafu.

3. Weka mtungi juu ya mizani na uandike uzito wake. Mimi naandika kwa chaki pembeni ya mizani yenyewe, namba mbili: ulipoanzia na utakapoishia.

4. Unganisha mpira wa bluu upande wa mgandamizo mdogo wa mfumo, mwekundu upande wa mgandamizo mkubwa. Wa njano unaingia kwenye filta draya, na draya kwenye mlango wa kuingizia wa mashine. Mpira wa nne unatoka kwenye mlango wa kutolea kwenda valvu ya mvuke ya mtungi. Mishale kwenye draya ielekee kwenye mashine.

5. Toa hewa kwenye mipira: fungua geji kidogo, legeza nati upande wa mashine hadi usikie pumzi fupi, kaza. Pumzi fupi tu.

6. Fungua mtungi, kisha mlango wa kutolea wa mashine. Washa. Mwisho ndipo ufungue mlango wa kuingizia, taratibu. Mpangilio huu una maana. Ukianza na kuingizia wakati mtungi umefungwa, ndiyo ile ajali ya mpira.

7. Anza kuvuta upande wa majimaji, yaani ule mwekundu, maana kilo moja ya majimaji hupita upesi kuliko kilo moja ya mvuke. Sikiliza mashine. Ikianza kugonga kama mtu anayepiga debe kwa kijiti, majimaji yanaingia mengi mno kuliko inavyoweza kumeza. Bana mlango wa kuingizia hadi mlio utulie. Mizani ikiacha kupanda haraka, majimaji yameisha, fungua pande zote mbili.

8. Simama hapo. Usiende kunywa chai. Macho yako yawe kwenye mizani na kwenye geji ya mtungi. Umeme ukikatika, na huku kwetu hukatika, funga kwanza valvu ya mtungi, kisha mengine.

9. Vuta hadi mshale ushuke chini ya sifuri, kwenye inchi 10 za vakyumu. Zima, funga, ngoja dakika 5. Mshale ukipanda kurudi juu ya sifuri, bado kuna gesi inayochemka kutoka kwenye oili. Vuta tena. Kwa baridi yetu huwa narudia mara 2, wakati mwingine 3.

10. Funga upande wa mfumo, geuza swichi ya mashine kwenye kujisafisha, iache isukume kilichobaki tumboni mwake kiingie mtungini. Funga mtungi, zima, fungua mipira ukiwa na glovu. Pima uzito na uandike.

Kwa mifumo mikubwa, ya kilo 7 na kuendelea, kama vyumba vya baridi vya parachichi kule Njombe na Rungwe, kuna njia ya sukuma-vuta. Hapo mashine inavuta mvuke kutoka juu ya mtungi na kuusukuma kwenye upande wa mvuke wa mfumo, ili majimaji yasukumwe kupitia mpira mwingine na kuingia kwenye valvu ya majimaji ya mtungi bila kupita ndani ya mashine. Inakwenda kasi sana, na kwa kasi hiyo bila mizani utajaza mtungi kabla hujageuza shingo. Majimaji yakiisha unarudi kwenye njia ya kawaida kumalizia mvuke. Kwa friji la nyumbani au AC ya gari ndogo njia hii haina maana.

Baridi ikigoma kuachia

Nilikuwa Rungwe, kwenye kituo cha kukusanyia maziwa, mwezi wa saba. Tanki lilikuwa na mashine ya R22 yenye kompresa iliyokufa, kwa hiyo sikuweza kuiwasha ipate joto. Nilianza saa moja asubuhi ukungu ukiwa bado umelala juu ya migomba. Mizani ilipanda kilo moja na nusu ikasimama. Mashine inanguruma, mshale umeshuka karibu na sifuri, na kibati kinasema kilo 6. Nikishika mtungi wa kupokelea majimaji ulio chini ya kondensa, mkono ulinata kwa baridi; kwa nje ulikuwa umeota ukungu mweupe wa barafu kuanzia katikati kwenda chini. Pale barafu ilipoanzia ndipo majimaji yalipoishia. Gesi ilikuwepo, tena naiona kabisa, ila imejipoza yenyewe kwa kuchemka na sasa haitaki kutoka.

Mama msimamizi wa kituo alikuwa amesimama mlangoni na ndoo.

"Fundi, imekwisha?"

"Bado, mama. Imeganda. Naomba maji ya moto, ya kuoga, yasiwe ya kuchemka."

"Mwanangu, mashine ya baridi unaiogesha?"

"Nusu ndoo tu, mama. Na nyingine ya maji ya baridi kabisa."

Alileta zote mbili. Ya moto niliimwaga polepole juu ya mtungi wa kupokelea, kikombe kwa kikombe, kwa kitambaa. Ya baridi niliimimina kwenye beseni nikasimamisha humo mtungi wangu wa kunasia, nikasoma mizani upya kwa kuwa uzito ulikuwa umebadilika. Kabla kikombe cha nne hakijaisha mlio wa mashine ulibadilika, ukawa mzito, mshale ukaruka hadi psi 40, na barafu ikaanza kuteleza vipande vipande hadi sakafuni. Kilo 4 nyingine ziliingia kwa muda mfupi kuliko ile moja na nusu ya kwanza. "Ndaga fijo," nilimwambia, yaani asante sana kwa Kinyakyusa, na kweli nilimaanisha.

Basi fanya hivyo: joto upande unaotoa, baridi upande unaopokea. Maji yasizidi nyuzi 50, yaani mkono uvumilie. Kama kazi inaweza kusubiri, ianze saa tano jua likishachomoza vizuri, na mtungi wako uache kivulini.

Friji zenye R600a na R290

Friji nyingi mpya za nyumbani zinakuja na R600a, na majokofu mengi ya vinywaji na aiskrimu yanakuja na R290. Zote zinawaka kama gesi ya kupikia, maana ni jamaa zake. Mashine ya kawaida ya kunasia usiiguse hapo. Swichi na mota yake vinatoa cheche. Gesi hizi haziumizi ozoni na joto zinalotega ni dogo sana, na kiasi chake kwenye friji la nyumbani ni gramu chache, mara nyingi chini ya 100. Toa friji nje, unganisha mpira mrefu kwenye valvu ya kutobolea, upeleke sehemu ya wazi yenye upepo, mbali na jiko, sigara, mtaro na mlango wa chumba cha chini, kisha iachie polepole. Gesi hizi ni nzito kuliko hewa, zinatambaa chini na kukusanyika shimoni. Baada ya hapo pitisha naitrojeni kabla hujachomelea bomba lolote, na bomba likate kwa kikatio badala ya moto. Oksijeni usiitumie kamwe kupitisha wala kupima uvujaji, kwa mfumo wowote. Oksijeni na oili ya kompresa vikikutana chini ya mgandamizo vinalipuka.

Gesi uliyoinasa

Gesi uliyoinasa ni ya mteja. Kama kompresa haikuungua, inarudi kwenye mfumo uleule baada ya matengenezo, kupitia filta draya mpya, na mteja analipia pungufu tu. Kwa R404A na R410A jaza ikiwa majimaji, kwa sababu ni mchanganyiko na ukiijaza kama mvuke uwiano wake unaharibika.

Kompresa ikiwa imeungua utajua kwa harufu kali ya oili na rangi yake nyeusi. Gesi hiyo ina asidi. Iweke kwenye mtungi wake peke yake na usiirudishe popote kabla haijasafishwa.

Kosa linaloniuma hadi leo lilitokea kwenye karakana niliyojifunzia. Kulikuwa na mtungi wa kunasia wenye kilo 8 za R22 safi, hauna kibandiko. Mwenzetu mmoja alitoka kwenye basi lililolala Tunduma na R134a, akauona mtungi wa kijivu, akaunganisha. Tuligundua wiki mbili baadaye tulipojaribu kuutumia na namba hazikulingana na jedwali lolote. Kilo zote zile hazikuwa tena R22 wala R134a, na hakuna mashine ya karakana inayoweza kuzitenganisha. Huo mchanganyiko hauuziki, haujazwi popote, na hautakiwi kumwagwa. Unabaki kufungiwa mpaka upelekwe kunakoharibiwa kitaalamu.

Tangu siku hiyo kila mtungi wangu una kamba shingoni na kipande cha plastiki kilichokatwa kwenye dumu la mafuta ya kula. Kimeandikwa kwa kalamu isiyofutika: aina ya gesi, safi au chafu, kilo zilizomo, imetoka kwenye mashine ya nani, tarehe. Mtungi ukiwa mtupu, nao unaandikwa "MTUPU, R22 TU". Usio na kipande hicho haufungwi mpira.